Kabla Ushushe Suruali kwa Kemisti, Jua Haga Yako Imebeba Nini

Wasee, leo tunaongea kuhusu haga. Cheka kwanza, nitangoja.

Ukimaliza, nijibu hii: kwa siku unaona haga ngapi kwa simu? Kwa TikTok, kwa video za ngoma, kwa matangazo ya mafuta ya kupaka, kwa video za jimu za watu hata hujui wanaishi wapi. Sasa nitajie kitu kimoja kilicho ndani ya haga, ukiacha "nyama" na "mafuta". Umenyamaza, si ndio? Huko kunyamaza ndiko kunanisumbua, kwa sababu kuna watu wanakula pesa yetu hapo, na kuna wengine wanatembea wakiburuta mguu.

Najua kuna mtu ashaanza kuandika kwa komenti, "Si wewe uliacha campo mwaka wa pili, sasa unatufunza udaktari?" Niliacha, ndio. Lakini haga niliondoka nayo, na vitabu vya anatomia havikufungiwa ndani ya geti ya chuo. Sifunzi mtu kutibu. Nataka tu ujue kile unakalia.

Tuanze juu. Chini ya ngozi kuna mafuta. Chini ya mafuta kuna gluteasi maksimasi, msuli mkubwa kuliko yote mwilini. Kazi yake ni kunyoosha nyonga: kuinuka kwa kiti, kupanda ngazi mpaka gorofa ya tano stima ikipotea, kukimbiza matatu inayoondoka. Ukitembea polepole kwa barabara tambarare, haufanyi kazi kubwa. Ukianza kukimbia, unaamka. Mwaka 2004, Dennis Bramble na Daniel Lieberman waliandika kwa jarida la Nature kwamba mwili wa binadamu umeundwa kukimbia masafa marefu, na huu msuli ni mojawapo ya ushahidi wao. Wa sokwe ni mdogo ukilinganisha na wetu. Kwa nchi inayojivunia wakimbiaji kama yetu, hiyo tungekuwa tumeandika kwa tisheti.

Chini yake, upande wa juu, kuna gluteasi midiasi, na chini ya hiyo kuna gluteasi minimasi. Hizi hazipigwi selfi. Lakini simama kwa mguu mmoja sasa hivi. Kiuno chako hakijaanguka upande ule mwingine kwa sababu hizi mbili, za upande wa mguu uliosimamia, zimekishikilia. Zikilegea, kiuno kinadondoka kila hatua. Madaktari wanaita hiyo alama ya Trendelenburg, kwa jina la daktari Mjerumani aliyeieleza mwaka 1895.

Twende ndani zaidi. Kuna kamsuli kanaitwa pirifomisi, kanatoka kwa mfupa wa chini ya mgongo mpaka juu ya mfupa wa paja. Kachukulie kama stendi. Juu yake inapita neva na ateri ya juu ya haga, na hiyo neva ndiyo inaendesha midiasi na minimasi. Chini yake inapita neva na ateri ya chini, na hiyo neva inaendesha maksimasi. Ateri zote mbili ni matawi ya ateri ya ndani ya nyonga, kwa hivyo hapo damu inapita na nguvu, usidhani ni mafuta matupu.

Halafu chini ya pirifomisi, kwa watu wengi, inatoka neva ya siatiki. Hii ndiyo neva nene kuliko zote mwilini, karibu unene wa kidole. Inashuka katikati ya mfupa unaokalia na ule mfupa unaojitokeza kando ya nyonga, inaenda mpaka mguuni. Misuli yote iliyo chini ya goti inaisikiliza hiyo neva. Na kuna watu ambao kwao imegawanyika mapema au inapenya katikati ya pirifomisi yenyewe. Ukiangalia mtu kwa nje huwezi jua yake inapita wapi.

Sasa ndio tufike kwa sindano.

Gawa upande mmoja wa haga mara nne, vile unakata chapati. Siatiki iko kwa robo za chini na za upande wa ndani. Ndio maana wauguzi wamefunzwa miaka mingi kudunga robo ya juu, upande wa nje. Na hata hapo ateri na neva ya juu haziko mbali, kwa hivyo mafunzo mengi ya siku hizi yanapendelea kando ya nyonga, juu ya midiasi, mbali na neva kubwa na mishipa mikubwa. Sindano ikigonga siatiki, mtu anaweza kusikia kama stima imeshuka mguuni, na anaweza kubaki na unyayo usioinuka. Akitembea, vidole vinakwaruza chini.

Hii si stori ya mbali. Hapa jirani, Uganda, madaktari wameandika kuhusu watoto wa maeneo kama Kumi waliopata ulemavu baada ya kudungwa haga, mara nyingi dawa ya malaria ya kwinini. Wengine neva iliharibika na mguu ukapooza. Wengine msuli wenyewe uligeuka kovu gumu, mtoto akashindwa kuchuchumaa vizuri. Fikiria mtoto wa shule ambaye choo ni cha shimo na hawezi kuchuchumaa. Kumbuka alipelekwa hapo atibiwe.

Na sisi? Mtu akiwa na homa anaingia kwa kemisti ya mtaa, anaambiwa "geuka", anageuka. Hajui anayemdunga amesomea nini. Hajui ni dawa gani. Haulizi kama kuna tembe. Naelewa kwa nini tunaenda huko: hospitali iko mbali, foleni ni ya siku nzima, na doh ni ya mkopo. Siwezi kucheka mtu kwa hiyo. Lakini kuuliza swali hakuongezi bei.

Shida nyingine ni aibu. Hii sehemu ya mwili tuna majina mawili tu: lile la matusi na lile la utani. Ukisema "makalio" darasani watu wanaangua kicheko. Kwa hivyo mtu akiumia hapo anasema "mgongo unaniuma", na anatibiwa mgongo.

Halafu kuna wale wanaouza umbo. Krimu ya kukuza haga haiwezi kukujengea msuli. Msuli unajengwa na uzito, chakula na muda, na hakuna chupa imebeba hivyo vitu vitatu. Mbaya zaidi ni kudungwa. Mwaka 2017 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilionya watu wasidungwe silikoni ili kuongeza haga, kwa sababu inaweza kusafiri kwa mishipa na kuziba damu. Mwaka 2018, vyama vya kimataifa vya madaktari wa upasuaji wa urembo vilitoa onyo kuhusu upasuaji wa kuhamisha mafuta kwenda kwa haga: kifo kinaweza kufikia mtu mmoja kwa kila 3,000. Sababu ni anatomia ile ile. Mafuta yakiwekwa ndani ya msuli au chini yake, yanaweza kuingia kwa veni kubwa zilizopasuka, yaende kwa moyo na mapafu. Waliambiana wabaki juu ya msuli, kwa mafuta ya chini ya ngozi peke yake. Hao ni wapasuaji wenye vyeti na wanaogopa. Wewe unataka kudungwa kwa chumba cha nyuma cha saluni na mtu ulipata namba yake kwa bio?

Sisemi usipende haga kubwa. Penda. Piga skwoti, piga picha, weka ngoma. Lakini mara nyingine mtu akikuambia geuka, kabla ushushe suruali muulize, "Hii dawa ni gani? Ina tembe? Umesomea kudunga? Utanidunga wapi?" Akikasirika, vaa vizuri utoke. Na akianza kukudunga alafu usikie stima imeshuka mguuni, usivumilie kiume. Mwambie atoe sindano hapo hapo, na uende hospitali siku hiyo hiyo.

Tumia mathe wako hii. Yeye ndiye anapeleka wadogo zako kwa kemisti.