Hamasa na ari havikai chumba kimoja

Na Salma Mwinyihaji

Machi 24, 2019, Taifa Stars iliichapa Uganda mabao 3-0 jijini Dar es Salaam, na Tanzania ikafuzu fainali za Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1980. Siku zile neno lililotamba ni hamasa, na lilistahili. Redio zilihimiza, nyimbo zikapigwa, watu wakavaa jezi na uwanja ukafurika. Hamasa ndivyo ilivyo: ina anayeipuliza. Ndiyo maana imezaa kitenzi kuhamasisha, na mwenye kazi hiyo akaitwa mhamasishaji.

Walichokuwa nacho miguuni Saimon Msuva, Erasto Nyoni na Aggrey Morris, waliofunga mabao yale, kina jina jingine. Ni ari. Ari imeshikamana na heshima ya mtu. Mwenye nayo huona aibu kushindwa hata pale asipotazamwa. Kocha anaweza kumtia mchezaji ari, lakini ikishamwingia ni mali yake, na mashabiki wakirudi makwao haiondoki nao.

Magazeti yetu yamezivuruga hizi mbili. Kila mkutano "wananchi wamehamasika", kila semina ni ya uhamasishaji, hata mkulima aliyelima peke yake miaka yote anaambiwa ana hamasa. Lugha yenye hazina kubwa hivi haistahili kufinywa namna hiyo.

Chukua ghera, neno ambalo waandishi wa Kenya hawajaliacha. Asili yake ni Kiarabu, na huko limebeba pia maana ya wivu. Binti anayemwona jirani yake amehitimu, naye akarudi darasani, ameingiwa na ghera. Hamu ni nyepesi zaidi: mtu huwa na hamu ya pilau au ya kumwona shangazi. Shauku ina kungoja ndani yake, na moyo hauna utulivu. Uchu umevuka mpaka, na ndiyo maana husemwa uchu wa madaraka, wala hakuna mgombea atakayejinadi kwa neno hilo.

Kisha kuna yale yanayopanda. Mori hupanda, jazba hupanda, na vijana wa mjini husema mzuka umepanda. Mzuka ni kiumbe kinachotokea ghafla, jamaa wa pepo, na vijana hawakukosea kuliazima jina lake: ngoma ikikolea, mchezaji hajimiliki. Wazee wanaowakemea kwa neno hili wakumbuke kwamba mori nao haukumtaka mtu ruhusa.

Kiherehere na kimbelembele ni bidii iliyokosa adabu. Mwenye kiherehere hawezi kusubiri. Mwenye kimbelembele anataka aonekane wa kwanza. Tofauti ni ndogo, lakini mama yeyote wa Kiswahili anajua amkanye mwanawe kwa neno lipi.

Siasa ndiyo inayohitaji umakini zaidi. Mwaka 2005 Jakaya Kikwete aliingia Ikulu na kaulimbiu ya Ari Mpya, Nguvu Mpya na Kasi Mpya. Waliochagua ari badala ya hamasa walichagua vizuri, kwa kuwa waliahidi kitu cha kudumu, na kwa hiyo walijipa mzigo mkubwa zaidi wa kupimwa nao.

Kuna kampeni iliyoonyesha jinsi hamasa inavyoweza kuzaa ari. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha Mtu ni Afya: vipindi vya redio, vijitabu, na vikundi vya watu wazima waliokutana kusikiliza, kujadili, kisha kutenda. Walioshiriki wanakadiriwa kufika milioni 2. Sauti ya redio ilikuwa hamasa tupu. Lakini watu walipotoka kwenye mjadala wakachimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba zao, hapo palikuwa na ari, kwa sababu uamuzi ulikuwa umepita vinywani mwao wenyewe.

Kampeni nyingi za leo huruka hatua hiyo ya mjadala. Spika hufungwa, fulana hugawiwa, msanii huimba, na wiki ya pili mtaani husemwa ilikuwa nguvu ya soda. Mwandishi anayetumwa kuripoti shughuli kama hiyo aandike hamasa bila kusita, maana ndiyo aliyoiona. Neno ari alihifadhi mpaka atakaporudi pale, spika zikiwa zimeondoka, aone nani bado ameshika jembe.