Anayehamia tovuti asirudishwe darasa la kwanza

Ndugu Mhariri,

Kijana niliyemfundisha hapa Handeni alisomea kuandika programu kwa lugha ya C. Alipoomba kusomea utengenezaji wa tovuti huko Korogwe, aliambiwa aanze upya na alipe karo yote. Hii si haki. Kupanga hatua, kuweka masharti na kusaka makosa ni kazi ile ile hata katika JavaScript, lugha iliyotolewa mwaka 1995. Afundishwe yaliyo mapya kwake: HTML, CSS, na jinsi ukurasa unavyotoka kwenye seva hadi kwenye simu. Mwalimu wa Hisabati akihamia Kiswahili hafundishwi tena kushika chaki. Vyuo vipime kwanza anachokijua mtu, ndipo vitoze karo.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Handeni.