Mkaa Barazani Hakai Bure

Methali ina nguvu kuliko hoja, na kwa sababu hiyo asiyekuwa na hoja hukimbilia methali. Katika Unguja inayokimbiliwa sana ni ile isemayo kwamba mtembea bure si sawa na mkaa bure. Hutamkwa ofisini na mikutanoni, mzee humtolea kijana na msomi humtolea mvuvi, na kila inapotamkwa kidole huelekezwa mahali pamoja: barazani. Pale, husemwa, ndipo nguvu za nchi zinapoozea. Pale watu hunywa kahawa tangu alasiri mpaka isha, hucheza bao, husengenya, hubishana juu ya mpira wa Uingereza, kisha hurejea makwao mikono mitupu. Basi baraza ikivunjwa ili duka lipate mlango mpana, au ikitandazwa vinyago na picha za Tingatinga toka ncha hii mpaka ncha ile, hasara ni ya nani? Wavivu wametawanywa, na biashara imepata nafasi.

Hoja hiyo ni ya siku nyingi, ina sauti ya hekima, na ni potofu.

Lugha yenyewe ndiyo shahidi wa kwanza dhidi yake. Kiswahili kina kitenzi kimoja, kukaa, kinachobeba mambo mawili: kuketi na kuishi. Mtu huulizwa, "Unakaa wapi?" naye hujibu Malindi, au Kikwajuni, au Jang'ombe, wala hapana anayedhani kwamba ameulizwa habari za kiti. Hii si dalili ya umaskini wa maneno. Lugha inayoitenga tezi na omo, kusi na kaskazi, demani na matlai, isingeshindwa kuyatenga hayo mawili lau wenyewe wangeona haja. Yamkini hawakuona. Kwao, mtu asiyepata kuketi mahali hajaishi pale, amepita tu.

Shahidi wa pili ni neno baraza. Ni kile kijukwaa cha mawe na chokaa kilichoshikamana na ukuta wa nyumba, lakini ni hilohilo pia lililopewa vyombo vikubwa vya nchi: Baraza la Wawakilishi, Baraza la Mapinduzi, Baraza la Mawaziri. Hata lugha hii inapohitaji kusimamiwa kitaifa husimamiwa na Baraza, tangu 1967. Wanaoiona baraza ya mtaani kuwa kitalu cha uvivu na wajibu: mbona walipotafuta jina la mahali pa kuamulia mambo mazito hawakulipata sokoni, wala kiwandani, wala bandarini, bali walilichukua pale pale walipoketi wanywa kahawa?

Tena kuna historia. Mji wa Unguja haukujengwa na waliozaliwa humo. Umejengwa na waliokuja. Walikuja kutoka Hadhramaut na Kutch, Ngazija na Mrima, Unyamwezi na Manyema. Wengine kwa hiari na biashara, wengine kwa minyororo. Ng'ambo ya hori, palipokuwa na daraja lililoiachia Darajani jina lake, wakaota mizizi watu ambao babu zao hawakupata kuiona bahari. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wakaingia katika nyumba za Mji Mkongwe watu wa mashamba na wa Pemba. Anayesema leo kwamba mji ni wa wazaliwa peke yao, na kwamba mtu wa kuja hana neno juu yake, na ahesabu vizazi vyake kurudi nyuma. Hatachelewa kufika jahazini, au kwenye njia ya shamba.

Mfano mkubwa ni wa mwanamke wa Fumba. Siti binti Saad aliingia mjini mwaka 1911, mfinyanzi na mwana wa mfinyanzi, hana jina wala mali. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurikodi santuri, na sauti yake ikaenea mwambao mzima. Alichokibeba kwenda Bombay hakikuwa kitu cha kuletewa kutoka ng'ambo ya bahari. Yalikuwa ni maneno ya Ng'ambo ya mji: kesi za mahakamani, dhuluma za wakubwa, mapenzi na visa vya vichochoroni. Maneno hayo yalikwisha kusemwa, kupingwa na kupimwa na watu waliokaa jioni mbele ya nyumba zao kabla hayajatiwa vina na ala. Ng'ambo isingekuwa na watu wa kukaa, Siti angeimba nini? Na nani angemfanya yeye, mgeni wa juzi, kuwa sauti ya mji?

Wapenzi wa ushairi wanapaswa kuwa wa mwanzo kuitetea baraza, maana shairi la Kiswahili ni mwana wake. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840. Mashairi yake hayakuingia katika karatasi za Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor ila miongo kadhaa baada ya kifo chake. Katika miaka yote hiyo ya katikati yalihifadhiwa wapi? Vinywani mwa watu, nao hawakuyakariri wakikimbia. Vina na mizani ni mambo ya sikio, na sikio hufunzwa na mkusanyiko: mmoja akitongoa, wa pili akijibu, wa tatu akisema kwamba mizani imepungua. Anayeifunga skuli hiyo kisha akalalamika kwamba vijana hawajui tena kutunga ni sawa na aliyekata mnazi kisha akauliza madafu yako wapi.

Hata michezo inayodharauliwa ina hesabu yake. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na fundi wake huuona mwendo wa kete hizo kabla hajagusa hata moja. Anayeuita huo upumbavu na aketi mbele ya mmoja wa mafundi hao. Hatatia kete nyingi kabla hajajua nani mpumbavu.

Lakini jambo kubwa zaidi linalofanyika barazani halina jina wala chombo cha kulipima. Ni kumgeuza mgeni kuwa mwenyeji. Kijana hufika kutoka Micheweni, au Makunduchi, au Tabora, akapanga chumba cha uani. Siku za mwanzo hupita akiamkia tu: "Asalamu alaykum," naye huitikiwa, akapita. Wiki ya pili husimama kidogo kwa sababu ya mvua. Wiki ya tatu husogezewa nafasi. Muuza kahawa, dele mkono mmoja na vikombe vikigongana mkono wa pili, humpa kikombe na kipande cha kashata, na siku hiyo akiwa hana kitu huambiwa atalipa kesho. Kesho hiyo ndiyo hati yake ya uraia wa mtaa. Aliyekopeshwa kahawa ametambuliwa kwamba kesho atakuwapo. Akiugua ataulizwa, akifiwa atazikiwa, akioa watamchangia. Hapana ofisi inayoweza kuitoa hati hiyo, wala hapana fedha zinazoweza kuinunua. Kinachoitoa ni starehe ndogo zisizo na gharama: kahawa chungu, upepo wa magharibi, ubishi wa Jaws Corner, bakuli la urojo, matembezi ya Forodhani. Mtu haupendi mji kwa sababu ya takwimu zake. Huupenda kwa sababu kuna saa ya jioni anayoijua, na mahali ambapo asipoonekana pengo lake huonekana.

Itasemwa kwamba baraza ina fitina. Ina fitina. Itasemwa kwamba wapo wanaokaa humo saa za kazi huku watoto wao wakilala na njaa. Wapo, nao hawastahili kutetewa. Lakini fitina haikuzaliwa barazani. Huingia ofisini kwa tai na msikitini kwa kanzu, na hapana aliyeshauri kuvunja ofisi wala msikiti. Na kijana asiye na kazi hapati kazi kwa kuvunjiwa kikalio. Kumwondoa machoni pa watu si kumwondolea dhiki. Ni kuwaondolea wengine aibu ya kuiona.

Lawama moja tu ina uzito, nayo ni hii: baraza ya nje imekuwa mali ya wanaume. Ni kweli, wala haifai kufichwa. Wanawake wamejitafutia vikao vyao kwingine, uani na ukumbini, katika lelemama za zamani, katika taarab, katika Sikukuu za Mnazi Mmoja, na zamani katika sinema, pale Majestic ya Vuga na Empire zilipokuwa zikijaa familia nzima. Sinema hizo zilipofifia, wanaume walirudi kwenye baraza zao, na wanawake walirudi wapi? Lakini lawama hii haiwasaidii wavunjaji. Ikiwa starehe ya pamoja imegawiwa kwa upungufu, dawa yake ni kuiongeza, si kuipunguza mpaka wote wakose.

Na kwamba inaweza kuongezwa, ushahidi upo. Bustani ya Forodhani ilitengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2009. Jioni yoyote huonekana humo mama na wanawe, wanafunzi, wazee, wavulana wanaopiga mbizi kutoka ukutani, na wageni wa mbali wanaokula pweza bega kwa bega na wenyeji. Hapana aliyelazimika kuchagua baina ya biashara na starehe. Vyote viwili vimekaa pahala pamoja. Kumbe inawezekana, pale inapotakiwa.

Tatizo ni kwamba mara nyingi haitakiwi. Mwaka 2000 Mji Mkongwe ulitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, na tangu hapo kimesemwa mengi juu ya milango, boriti na chokaa. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib ilipoporomoka na kuua, kisiwa kizima kilishtuka, na kilikuwa na haki ya kushtuka. Ila baraza inapokufa hapana kishindo. Wamiliki hubadilika, nyumba huwa hoteli, kijukwaa hutiwa mito ya hariri na ubao wa bei, na mzee aliyeketi hapo tangu ujana wake huambiwa kwa adabu sana kwamba pamehifadhiwa kwa wageni. Ukuta umebaki, chokaa imebaki, na mpiga picha hataona tofauti. Katika mwaka 2023 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya laki sita. Wengi wao huja kutazama jinsi watu wanavyoishi. Wasipopata kuona ila watalii wenzao wameketi juu ya mito, watakuwa wamesafiri mbali kujitazama wenyewe.

Leo mji unakwenda Fumba, alikotoka Siti. Nyumba mpya zinajengwa huko, na kwingine kila upande wa kisiwa, na wakaazi wake wengi watakuwa watu wa kuja, kama walivyokuwa wa kwanza. Wachoraji wa ramani watakuwa wamefikiria maji, umeme, barabara na maegesho ya magari, na hayo yote ni haki. Lakini kila ramani na iulizwe swali moja kabla haijatiwa saini: mtu atakaa wapi? Si atalala wapi. Atakaa wapi, mbele ya macho ya jirani yake, bila ya kulipa kiingilio?

Ramani isiyokuwa na jawabu itajenga nyumba nyingi na wapitaji wengi, lakini haitajenga mji. Na methali, kwa kuwa ndiyo iliyoanza, na irudishiwe heshima yake. Mtembea bure na mkaa bure hawawi sawa, ni kweli. Ila aliyekaa barazani mpaka akajuliwa jina lake, akakopeshwa kahawa na akazikiwa mzazi wake, huyo hakukaa bure.