Mvuto Si Jambo la Kuletwa

Nafundisha baiolojia Nyeri. Swali la mvuto wa mapenzi huulizwa kwa kunong'ona, mlangoni, kengele ikishalia. Najibu waziwazi. Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu karibu 500,000: hakuna jeni moja inayomfanya mtu avutiwe na wa jinsia yake. Zipo nyingi, kila moja na mchango mdogo, pamoja na mengine yasiyo ya jeni.

Wanaosema mvuto huu umeletwa na wazungu wakumbuke kwamba kwa Wakikuyu mwanamke aliweza kumwoa mwanamke mwenzake, akatoa mahari, na watoto wakawa wake. Sidai zilikuwa ndoa za kimapenzi. Nyingi zilihusu urithi na uzazi. Lakini wazee walizitambua.

Kilichotoka kwa mkoloni ni Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kinachotumiwa dhidi ya mapenzi ya jinsia moja na kutishia kifungo cha miaka 14. Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019. Basi kijana wa Othaya anayevutiwa na wa jinsia yake hukimbilia Nairobi, na mamake huulizwa kanisani mwanawe ataoa lini. Nataka kijana huyo abaki kwao, achume majani chai ya babake bila kumwogopa jirani.