Jua ni Neema, Mipango ni Amana

Ndugu Waislamu, tungali tunaikumbuka Disemba 2009, njia ya umeme itokayo bara kupitia chini ya bahari ilipoharibika na Unguja ikakaa gizani takriban miezi mitatu. Pampu zilisimama, maji ya kupikia na ya kutawadhia yakawa adimu. Waya mpya ulizinduliwa mwaka 2013, lakini umeme wetu mwingi ungali ukitoka bara.

Kwa hiyo Serikali ya Mapinduzi inapopanga umeme wa jua, twaunga mkono. Ila jua huchwa Magharibi, wakati kila nyumba inawasha taa. Mpango usio na betri za kuhifadhia hautatuondolea giza. Basi tuwaulize viongozi wetu kwa adabu: betri zitatosha saa ngapi, na nani atazitunza? Kila amana ina hesabu yake.

Wabillahi tawfiq.