Maktaba ya Sauti ya Redio ni Amana, Tusiiachie Kompyuta Peke Yake

 

Ndugu Waislamu, kisiwa cha Makoongwe kinatazamana na mji wa Mkoani, na baina ya viwili hivyo hapana njia isipokuwa ya bahari. Mvuvi wa Makoongwe anayetaka kujua hali ya upepo wa kesho, mzazi anayengojea boti ya abiria kutoka Unguja, na mzee aliyefunga anayesubiri adhana ya Magharibi, wote hutega sikio redioni. Wanaisikia sauti ya mtu, nao huiamini kama wanavyomwamini mtu. Lakini siku hizi, hasa nyakati za usiku na alfajiri, mara nyingi hapana mtu ndani ya studio. Iliyopo ni kompyuta iliyopangiwa nini cha kusomesha na saa ngapi.

Hatusemi kwamba jambo hilo ni baya. Pemba imepata redio za jamii Mkoani na Micheweni, imepata na Redio Istiqama, na vituo vya aina hii huendeshwa na watu wachache, wengi wao wakijitolea. Bila ya msaada wa kompyuta visingeweza kurusha matangazo usiku na mchana. Tunachotaka kukumbushana ni kwamba nyuma ya kompyuta hiyo ipo maktaba ya sauti, na maktaba hiyo ni amana. Redio nyingi hushughulikia sana mnara na mtambo wa kurushia, kisha maktaba ikaachwa kwa kila anayekuja na flashi yake mfukoni.

MASHINE HUSOMA ILICHOWEKEWA

Programu ya kuendesha matangazo ina sehemu mbili kubwa: ratiba na maktaba. Ratiba ni saa, na maktaba ni ghala. Ratiba ikisema kwamba saa tatu usiku ni wakati wa darsa, programu huingia ghalani ikachukua faili lililowekwa katika fungu la darsa. Haijui darsa hilo ni la nani, limesomeshwa lini, wala kama lilikwishakanushwa na mwenyewe aliyelitoa. Pakiwekwa hotuba ya uchaguzi uliopita katika fungu la mawaidha, itasoma hotuba ya uchaguzi uliopita, na haitaona haya.

Zama za santuri na kanda, maktaba ilikuwa ni chumba chenye rafu. Mtu aliyetafuta kitu alilazimika kukishika mkononi na kusoma maandishi ya ganda lake kabla ya kukipeleka studio. Hivi sasa mashine huchagua yenyewe katika maelfu ya mafaili, kwa kufuata maelezo tuliyoyaandika sisi. Hivyo basi, maelezo yakiwa ya uongo, redio nzima inasema uongo bila ya mtu yeyote kukusudia.

KILA SAUTI NA ISNADI YAKE

Sisi Waislamu tuna haki ya kulielewa jambo hili kuliko wengine. Maulamaa wetu wa Hadithi hawakulipokea neno mpaka waambiwe limepokewa kwa nani, naye kwa nani. Faili la sauti linaloitwa "mawaidha mapya 2" ni sawa na maneno yasiyo na isnadi. Nani amezungumza? Wapi? Tarehe gani? Nani alirekodi, na nani aliyelileta kituoni? Programu nyingi zinazotumika redioni zina nafasi ya kuandika mambo haya. Zinaachwa tupu kwa haraka tu, na haraka haina baraka.

Upo mfano mzuri wa watu waliofanya kazi hii kwa ukamilifu. Mwaka 1959 Labib as-Said wa Misri alitoa pendekezo la kuirekodi Qur'ani yote kwa sauti, kama ilivyokusanywa katika maandishi zama za Sayyidna Abubakar (R.A.) baada ya vita vya Yamama. Msomaji alikuwa Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, na msahafu huo wa sauti ukatolewa mwaka 1961 kwa riwaya ya Hafs kutoka kwa Asim. Mwaka 1964 Cairo ikaanzisha redio maalumu ya Qur'ani. Kila kitu katika kazi ile kilijulikana: msomaji, riwaya, na wanazuoni waliosikiliza na kusahihisha. Sheikh al-Husary huyo huyo alirekodi pia kwa riwaya ya Warsh. Basi redio isipoandika riwaya katika maktaba yake, ikamsomeshea Warsh msikilizaji ambaye hajawahi kusikia isipokuwa Hafs, mtu huyo atadhani Qur'ani imekosewa, na fitna itaanzia hapo.

KILA TANGAZO NA MWISHO WAKE

Darsa njema haichakai, lakini taarifa ya bahari huchakaa kwa saa chache. Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoukaribia mwambao wetu, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa taarifa moja baada ya nyengine, na safari za boti baina ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa. Tarehe 4 Mei kimbunga hicho kikafika Mafia na kupoteza nguvu. Katika siku kama hizo, taarifa ya asubuhi si taarifa tena jioni. Tangazo la "bahari ni shwari" lililorekodiwa jana, likiachwa ndani ya mzunguko wa kompyuta, linaweza kumtoa mtu Makoongwe alfajiri na ngalawa yake akaenda asirudi.

Dawa ya jambo hili imo ndani ya programu zenyewe. Rivendell, kwa mfano, ambayo hutolewa bure na mtu yeyote anaweza kuitumia, humruhusu mtunza maktaba aandike tarehe na saa ya kuanza kutumika kwa kila kipande, na tarehe na saa ya kwisha kwake. Muda ukipita, kipande hicho hakitoki hewani hata ratiba ikikiita. Kwa hiyo kanuni iwe ni hii: tangazo lolote la hali ya hewa, la safari, la maziko, la mkutano au la dawa na chanjo lisiingie katika maktaba bila ya kuandikiwa mwisho wake.

QUR'ANI NA ADHANA

Programu hizi zilitengenezwa zaidi kwa ajili ya redio za muziki. Husikiliza sauti inapopungua mwishoni mwa kipande, kisha huanzisha kipande kinachofuata juu yake, ili pasiwepo kimya. Katika nyimbo, huo ndio ufundi wenyewe. Katika kisomo cha Qur'ani ni kukosa adabu, kwani tangazo la sabuni hupanda juu ya pumzi ya mwisho ya msomaji. Aidha, ratiba ikiamrishwa ianze taarifa ya habari saa kamili bila ya kungoja, hukata aya katikati, na pengine ikaacha maana iliyogeuka. Inapasa Qur'ani iwe na fungu lake pekee lisilochanganywa na kitu, na sura ndefu zigawanywe mahali pa kusimama panapokubalika, na agawanye mtu anayejua hukumu za kusimama na kuanza. Urefu wa kila sehemu uandikwe, ili mpangaji ajue kipi kinaingia katika robo saa na kipi hakiingii.

Adhana ina khatari yake nyengine. Kompyuta huitoa kwa kufuata saa yake. Betri ndogo inayoilinda saa hiyo ikichoka, na umeme ukakatika, saa hupotea. Na kituo kisichokuwa na intaneti ya kuirekebisha kinaweza kukaa siku nzima bila ya kujua. Tena wakati wa Sala haufanani kila mahali. Kwa kila nyuzi moja ya longitudo jua huchelewa dakika nne, na Kigoma iko magharibi ya Pemba kwa kiasi cha nyuzi kumi, yaani dakika kama arubaini. Basi ratiba ya adhana ya mji mwengine haiwezi kunakiliwa ikawekwa Mkoani. Anayefuturu kwa adhana ya redio amemkabidhi mtunza maktaba saumu yake.

ASIKOSEKANE MTU

Mwezi wa Januari 2002, katika mji wa Minot nchini Marekani, treni ya mizigo iliacha njia usiku wa manane na gesi ya amonia ikatanda juu ya makaazi ya watu. Mtu mmoja alifariki na mamia wakadhurika. Vituo vyote sita vya redio za biashara mjini hapo vilikuwa vya kampuni moja, na polisi walipopiga simu hawakupata mtu wa kuwajibu. Kampuni nayo ilisema kosa ni la polisi kutoutumia ipasavyo mtambo wa tahadhari. Sisi hatuhitaji kuamua baina yao. Linalotuhusu ni kwamba raia waliokuwa wakiitafuta habari hewani hawakuipata wakati walioihitaji.

Nasi tunaijua bahari yetu. Hapana nyumba Pemba isiyoukumbuka usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ilipozama meli ya Spice Islander ikiwa njiani kuja kisiwani kwetu. Kwa hiyo kila kituo kinachoiachia kompyuta usiku kiwe na mtu wa zamu mwenye simu iliyo wazi, anayejua kusimamisha ratiba na kuzungumza moja kwa moja. Namba hiyo ijulikane kwa masheha, kwa bandari na kwa polisi.

KANDA ZILIZOMO MAJUMBANI

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alifariki mwaka 1947, lakini gazeti lake la Al-Islah la mwaka 1932 bado linasomwa, kwa sababu maandishi yalihifadhiwa. Darsa za Sheikh Nassor Bachu, aliyefariki mwaka 2013, zilienea kwa kanda, kisha kwa CD. Wangapi wetu wamezihifadhi kwa tarehe na mahali zilikosomeshwa? Kanda huliwa na joto, unyevu na ukungu, na Pemba tuna vyote vitatu. UNESCO na wataalamu wa hifadhi za sauti walitoa indhari mwaka 2020 kwamba baada ya mwaka 2025 huenda sehemu nyingi duniani kanda zisiweze kusikilizwa tena, kwa kukosekana mashine na vipuri vyake. Muda huo umekwisha kutufikia.

Kuhifadhi si jambo la gharama kubwa. Saa moja ya darsa katika mfumo wa MP3 wa kawaida huchukua kiasi cha megabaiti 58, na katika mfumo kamili wa WAV kiasi cha megabaiti 635. Diski moja ya terabaiti moja inaweza kubeba zaidi ya saa 1,500 za mfumo huo kamili. Lakini tahadhari: programu kama Rivendell huyapa mafaili majina ya tarakimu tupu, na majina ya kweli hukaa katika daftari la kompyuta lililo mbali na mafaili hayo. Anayenakili sauti akasahau daftari amehifadhi lundo la namba. Vinakiliwe vyote viwili, na nakala moja isikae katika jengo la redio.

TUFANYE NINI?

Kwanza, kila kamati ya msikiti wa Makoongwe, Mkoani na kwengineko ichague kijana mmoja akusanye kanda na CD za maulamaa wetu kwa ruhusa ya wenyewe, aandike nani, wapi na lini, kabla wanaojua hawajaondoka duniani. Pili, kila redio imtaje mtu mmoja awe mtunza maktaba, na lisiingie faili asilolisikiliza yeye kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tatu, wenye uwezo wanaotaka kuisaidia redio wasifikirie mnara tu. Diski mbili za nakala ni sadaka inayoendelea. Nne, msikilizaji anayesikia tangazo lililopitwa na wakati au aya iliyokatwa asiishie kulalamika barazani, bali awapigie simu wahusika kwa adabu.

Mashine haitaulizwa mbele ya Mola wake juu ya ilichokisoma. Tutakaoulizwa ni sisi tuliokiweka, na sisi tuliosikia tukanyamaza. Tunamuomba Allah (S.W.) atuwezeshe kuitunza amana hii. Amin.

Wabillahi Tawfiq.