Vijana Wetu Wana Huruma, Hawajafunzwa Kuitumia

"Vijana wa siku hizi hawana utu." Kauli hii utaisikia kwenye vikao vya wazazi, mimbarini na redioni. Mwenzao akianguka wanamkimbia. Ajali ikitokea wanatoa simu wapige picha. Basi hukumu imepita: mioyo imekufa, dawa yake fimbo. Naipinga kauli hii kwa nguvu zote, kwa kuwa inamwonea kijana na kumpa mtu mzima kisingizio cha kutotimiza wajibu wake.

Tazama mwanafunzi anapoanguka kifafa paredini. Mistari inavunjika. Wengi wanarudi nyuma, maana waliambiwa nyumbani kwamba mate ya mgonjwa huambukiza, jambo ambalo ni uongo. Wachache wanacheka kwa woga. Kisha anajitokeza mmoja: anaondoa mawe yaliyo karibu, anamlegeza mwenzake tai, anakunja sweta na kuliweka chini ya kichwa chake, kisha anamlaza ubavu. Hamtii kijiko mdomoni. Je, ni yeye peke yake mwenye moyo? Hasha. Hofu iliwapata wote. Yeye alikwisha kuonyeshwa la kufanya, labda na skauti au wenzake wa Msalaba Mwekundu, akaweza kuituliza hofu yake.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Nancy Eisenberg, amelichunguza suala hili kwa miongo kadhaa. Anatofautisha huruma inayomwelekea aliyeumia na taharuki inayomlemea anayetazama. Asiyeweza kuzitawala hisia zake huzidiwa na maumivu ya mwenzake, akaondoka ili ajinusuru. Sasa mvulana aliyekatazwa kulia tangu utotoni atajulia wapi kukaa na machozi ya mwingine?

Wema wenyewe upo mapema. Mwaka 2006, Felix Warneken na Michael Tomasello walionyesha kuwa watoto wa miezi 18 humsaidia mtu mzima wasiyemjua kufikia kitu kilichomdondoka, bila kupewa chochote. Mwaka 2008 walionyesha kuwa watoto wa miezi 20 waliozoeshwa zawadi walipunguza kusaidia zawadi zilipokoma. Fimbo nayo ina kasoro hiyo hiyo: humfanya kijana ajifikirie yeye, si aliyeanguka.

Tena kijana huogopa macho ya rika kuliko ya mwalimu. Anayeinama peke yake anaweza kutaniwa muhula mzima. Wakiinama wawili, wa tatu hupata ujasiri. Nguvu hiyo tunaiacha ipotee huku tukihubiri.

Shule zifundishe huduma ya kwanza kwa vitendo, wanafunzi wakijizoeza kwa makundi. Wazazi waruhusu hofu na huzuni kutajwa mezani bila kejeli. Na anayetaka kusema vijana hawana utu aseme kwanza ni lini alimketisha mmoja wao akamwonyesha namna ya kumsaidia mtu.